"Lipu mtapiga lini?" Nimeulizwa hivyo mbele ya ukuta wangu wa tofali

Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya nikiwa bado nimesimama barazani, mikono imejaa chokaa hadi viwikoni, na mhusika mwenyewe hata hajafika mwisho wa barabara. Nyote mnamjua. Ni yule asiyeweza kupita mbele ya nyumba ya mtu bila kuikagua kana kwamba ramani aliichora yeye, ambaye hajashika mwiko tangu azaliwe lakini hakuna ukuta usio na kasoro machoni pake. Leo amesimama langoni kwangu, akashika kiuno, akautazama ukuta wa matofali ya kuchoma kuanzia msingi hadi chini ya paa, kisha akauliza kwa sauti iliyowafikia wageni wangu wote: "Lipu mtapiga lini?"

Lipu! Ukuta huu nimeuhudumia kwa majuma kumi na moja kama mtu anayemuuguza mzazi wake. Viungo vilivyolegea kati ya tofali na tofali nilivikwangua kwa tindo, kimoja baada ya kingine, hadi kina kinachozidi mara mbili ya upana wake, kwa sababu ukijaza juujuu tu, ulichojaza hudondoka. Nikavijaza kwa chokaa na mchanga, wala si kwa saruji kali, maana matofali yangu ni ya zamani na laini, na kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, unyevu hukosa pa kutokea na tofali ndilo linalomenyeka uso. Watu huviona viungo kuwa kitu kidogo, ilhali kwa tofali lenye uso wa milimita 215 kwa 65 na kiungo cha milimita 10, viungo peke yake ni takribani asilimia 17 ya ukuta unaotazamwa kutoka barabarani. Vikisafishwa na kuwa na rangi moja, nyumba nzima hubadilika bila tofali hata moja kuguswa rangi.

Halafu mtu anauliza lipu mtapiga lini.

Sikuishia hapo. Niliusugua ukuta kwa maji na brashi ngumu ya nyuzi za mimea, nikarekebisha mfereji wa paa uliokuwa ukimwaga maji na kuchora mistari ya chumvi nyeupe ukutani, nikasogeza maua mbali na ukuta ili upate hewa, nikapaka mlango rangi ya kijani kilichokolea kinachokubaliana na wekundu wa tofali. Wageni walikuwa wanausifu ukuta. Mmoja alikuwa ameuwekea kiganja, anapapasa kiungo. Ndipo sauti ikatoka langoni, na yule mgeni akaondoa kiganja chake kana kwamba ameshika kitu ambacho bado hakijakamilika! Hapo ndipo nilipoumia. Tofali limepita kwenye tanuri la nyuzi 900 na zaidi, likatoka na rangi isiyohitaji kupakwa tena maishani, na bado linahesabiwa kuwa nyumba iliyoishiwa fedha katikati ya ujenzi. Lipu mtapiga lini! Neno hili nitalisikia hadi kaburini.

Kuta Nne: Mkuu, umeulizwa swali la maneno matatu, nawe umejibu kwa hotuba ambayo mhusika hataisoma. Ungemwambia "hatupigi" ukarudi kwa wageni wako.

Ngazi Tatu: Kuta Nne, usimdharau mwenzako. Huyo mtu alipita kwangu pia, akasema nyumba yangu inafanana na tanuri. Nilikosa usingizi kwa siku mbili.

Bibi Bustani: Poleni, lakini ninyi mmeambiwa maneno tu. Mimi nilisafiri, na niliporudi nilikuta shemeji yangu amepaka mbele yote ya nyumba rangi nyeupe ya mafuta ili "ipendeze". Tofali linapumua, wanangu. Unyevu ulionaswa nyuma ya rangi ile ulianza kuivimbisha kama malengelenge, kisha ikabanduka pamoja na uso wa tofali. Angetaka weupe, kulikuwa na chokaa ya maji, ambayo huacha mvuke upite.

Mwashi wa Jirani: Bibi, afadhali yako. Kwangu alikuja kijana na mashine ya maji ya shinikizo, akaosha ukuta kwa nusu siku. Uchafu ulitoka, na viungo vikatoka navyo. Mchanga uliorundikana chini ya ukuta ungetosha kujenga chumba kingine.

Kuta Nne: Wa kwangu alitumia asidi bila kuulowesha ukuta kwanza. Matofali yaliungua rangi, na mabaka yale hayatoki hadi leo. Sasa nani ana malalamiko mazito zaidi?

Mwenye uzi: Ndugu zangu, ninawahurumia nyote kwa dhati, lakini ninaomba turudi kwenye mada. Mtu amesimama langoni, wageni wapo, mkono wa mgeni uko ukutani, naye anauliza lipu mtapiga lini. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo.

Ngazi Tatu: Tumelisikia, mkuu. Ila umesema mlango ni wa kijani. Kijani na tofali jekundu vinagombana. Ungeweka buluu nzito.

Bibi Bustani: Buluu humeza mwanga kwenye baraza lenye kivuli. Kijani ni sahihi kabisa, mradi fremu za madirisha ziwe za rangi ya maziwa, wala si nyeupe ya kung'aa.

Mwashi wa Jirani: Mnagombania mlango wakati taa za nje ndizo zinazoharibu nyumba nyingi. Halafu wakizifunga hutoboa tofali lenyewe badala ya kutoboa kiungo, na tofali likipasuka haliungwi. Kwangu wametoboa manne.

Kuta Nne: Manne ni machache. Kwangu fundi wa taa alitoboa saba, na taa zenyewe zimekaa upande.