Savićević, Mijatović au Vučinić: nani alikuwa na safari kubwa zaidi ya soka?

Kipanga10
Wakuu, tuwapime hawa watatu. Wote wamestaafu na wote ni wazaliwa wa Montenegro. Dejan Savićević (1966) na Predrag Mijatović (1969) ni wa Podgorica, enzi hizo ukiitwa Titograd, na wote walitokea klabu ya Budućnost. Mirko Vučinić (1983) ni wa Nikšić, alianzia Sutjeska. Tuangalie makombe, mechi kubwa, mabao na timu ya taifa. Ushabiki wa Milan na Real tuuache mlangoni.

Mimi namweka Mijatović juu. Bao lake dhidi ya Juventus pale Amsterdam, 20 Mei 1998, dakika ya 66, liliwapa Real kombe la Ulaya walilokuwa wakilisaka tangu 1966.

BekiTatu
Bao moja tu, mkuu? Na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba alikuwa ameotea. Savićević ana makombe matatu ya Ulaya, Red Star ya Belgrade moja na Milan mawili. Mjadala umeisha.

MzeeWaTakwimu
Mawili, si matatu. 1991 akiwa na Red Star pale Bari, na 1994 akiwa na Milan pale Athens. Fainali ya 1995 kule Vienna hakucheza kwa sababu ya jeraha, na Milan wakafungwa 1-0 na Ajax.

Na Bari tusiipambe kupita kiasi. Ilikuwa 0-0 dhidi ya Marseille, Red Star walikaa nyuma makusudi, na Savićević alitolewa kabla ya penalti. Waliopiga ni Prosinečki, Binić, Belodedici, Mihajlović na Pančev, hakuna aliyekosa, ikaisha 5-3. Kazi yake ilionekana zaidi nusu fainali, alipofunga bao la ushindi dhidi ya Bayern kule Munich, 2-1. Mwaka huohuo Tokyo, kwenye Kombe la Mabara dhidi ya Colo-Colo ya Chile, alilimwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na wenzake wakiwa kumi wakashinda 3-0.

Kipanga10
Sawa, ila misimu sita Milan na mechi za ligi hazikufika hata 100? Huyo ni nyota au mgeni mwalikwa?

MzeeWaTakwimu
Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Italia wakati ule timu ilikuwa hairuhusiwi kuchezesha zaidi ya wageni watatu katika mechi moja. Milan ya 1992-93 ilikuwa na sita: Van Basten, Gullit, Rijkaard, Papin, Boban na yeye. Kila wiki watatu wanaishia jukwaani hata kama wako fiti. Ongeza majeraha, ongeza na Capello, ambaye hakuwa kocha wa kumvumilia mchezaji asiyerudi kukaba. Ukihesabu mechi bila kuhesabu kanuni hiyo, humpimi Savićević, unapima foleni.

Athens nako ilikuwa hivyohivyo. Nafasi tatu za wageni walipewa Savićević, Boban na Desailly. Upande wa pili Cruyff, kocha wa Barcelona, aliwachukua Romário, Stoichkov na Koeman, Michael Laudrup akabaki nje.

Chenga_Twawala
Mnamsahau Mijatović wa Valencia! Msimu wa 1995-96 alifunga mabao 28 ya ligi, Valencia wakamaliza wa pili nyuma ya Atlético. Akahamia Real na kubeba ubingwa wa Hispania msimu wake wa kwanza.

Kwa timu ya taifa ndiyo hakuna mjadala. Mchujo wa Kombe la Dunia 1997 dhidi ya Hungary: Yugoslavia (Montenegro ilikuwa bado sehemu yake) walishinda 7-1 Budapest, yeye matatu, kisha 5-0 Belgrade, yeye manne. Mabao saba kwa mechi mbili. Ballon d'Or ya mwaka ule akawa wa pili nyuma ya Ronaldo na mbele ya Zidane.

BekiTatu
Savićević naye alikuwa wa pili 1991 nyuma ya Papin, ingawa aligawana nafasi hiyo na Pančev na Matthäus. Na tukitaja timu ya taifa, tutaje na Toulouse, Kombe la Dunia 1998: matokeo 1-1 na Uholanzi, Mijatović anapiga penalti, inagonga mtambaa panya. Davids akamaliza kazi dakika za nyongeza.

Salmini_wa_Pwani
Vučinić hana kombe la Ulaya, lakini ndiye pekee kati yao aliyevaa jezi ya Montenegro. Wale wawili walikuwa wameshastaafu nchi ilipojitenga 2006. Mechi ya kwanza kabisa, 24 Machi 2007 dhidi ya Hungary, alifunga, wakashinda 2-1.

Klabu: mabao 19 Lecce ya Zeman 2004-05, Coppa Italia mbili na Roma, ubingwa wa Italia mara tatu mfululizo na Juventus (2012 hadi 2014), kisha mfungaji bora wa ligi ya Emirates akiwa Al Jazira, mabao 25. Tafuteni dabi ya Roma na Lazio ya Aprili 2010. Roma wako nyuma 1-0, Ranieri anawatoa Totti na De Rossi mapumziko, Vučinić anafunga penalti, halafu faulo. 2-1.

Udhaifu wake: leo moto, wiki mbili zijazo humwoni uwanjani.

Kipanga10
Basi Vučinić wa tatu, hilo nakubali. Savićević bado hamjanishawishi.

MzeeWaTakwimu
Itazame Athens yote, usiishie kwenye bao lake. Dakika ya 22 anaingia kulia, anawapita mabeki, anaubetua mpira mbele ya goli na Massaro anamalizia. Dakika ya 47 mpira unadunda, Nadal anazubaa, Savićević anamnyang'anya na kumbetulia Zubizarreta kwa mguu wa kushoto kutoka pembeni ya boksi. Milan walikuwa bila Baresi na Costacurta, wote wanatumikia adhabu, na wakashinda 4-0.