Tupeane uzoefu: sehemu ya tamthilia ya zamani ya upelelezi iliyokuudhi mpaka leo

Mzee wa Koti: Wakuu, jana usingizi uligoma, nikairudia Columbo, ile tamthilia ya Marekani ya mpelelezi Columbo, sehemu ya Komodoro, Last Salute to the Commodore ya 1976. Nimeamka na hasira mpya. Utamu wa Columbo ni kwamba muuaji tunamjua tangu mwanzo, kazi yetu ni kukaa na kumtazama anavyobanwa. Hapa wakatuficha. Mwigizaji Robert Vaughn tunamwona anajifanya yeye ndiye mkwewe, yule Komodoro aliyeuawa, anaitoa mashua usiku na maiti ndani, anarudi kwa kupiga mbizi. Nikasema haya, huyu kaisha. Mara katikati naye anakutwa ameuawa! Sasa yale yote nimeyatazama ya nini? Mwishoni Columbo anaukusanya ukoo mzima, anawasogezea saa sikioni mmoja mmoja, eti ni saa ya Komodoro. Mpwa wa marehemu anaropoka kwamba siyo, kumbe ndiye muuaji. Kesi imeisha! Wewe ni ipi ilikukera?

Bint Shangani: Umenitoa maneno mdomoni. Na vile Columbo alivyomganda Vaughn jamani, mkono begani, pua kwa pua. Mie nilihisi joto kwa niaba yake.

Kamusi Hai: Mnamlaumu Columbo bure. Mwongozaji ni Patrick McGoohan, ndiye aliyetaka vituko.

Mzee wa Koti: McGoohan yule yule aliyecheza kanali wa chuo cha kijeshi kwenye Columbo ya 1974 akapata na Emmy, ile tuzo ya televisheni ya Marekani? Yule simgusi.

Kamusi Hai: Huyo huyo. Kuigiza ni kazi moja, kuongoza ni nyingine.

Mpwa wa Muuaji: Mimi naipenda. Nipigeni mawe.

Bint Shangani: Jina lako tu linajieleza.

Chege wa Majengo: Nyie mnaongea Columbo, sisi Mombasa tulilelewa na Derrick, mpelelezi wa tamthilia ya Kijerumani, kwenye televisheni ya taifa ya Kenya, VOK, baadaye KBC. Wajerumani wa Munich wanaongea Kiingereza na midomo haifuati. Nusu ya zile sehemu watu wanasimama sebuleni wakihuzunika tu. Sasa kuna moja, jina silijui na sababu ni hii. Picha ilikuwa mchele mtupu, mjomba akapanda juu ya mabati kuzungusha antena. Sisi ndani tunapiga kelele, "Kushoto! Rudi! Hapo hapo, usipumue!" Picha ikatulia kama kioo. Derrick akamtazama mama mmoja na yale macho yake ya mifuko, akavuta pumzi amtaje muuaji. Tukasikia kishindo. Mjomba kateleza, katua juu ya banda la kuku la jirani, kuku wamelipuka, jirani katoka na rungu akiita mwizi. Mtaa mzima ukaamka! Mjomba analia, "Ni mimi, nilikuwa kwa Derrick!" Mtu mmoja akauliza, "Derrick gani, anakaa wapi, naye aletwe!" Tulipomaliza kumnasua, televisheni inapiga wimbo wa taifa. Wallahi mpaka leo sijui nani aliua.

Bint Shangani: Naye aletwe!!! Nimemwaga chai.

Mzee wa Koti: Mjomba alipona?

Chege wa Majengo: Alipona, akachechemea mpaka Idi. Jirani alidai majogoo wawili, na wote tunajua alikuwa na mmoja.

Tabibu wa Mtaa: Mkuu, ungewahi kumkanda na maji ya chumvi.

Mpwa wa Muuaji: Chumvi kwenye mchubuko? Wewe ndiye muuaji.

Kamusi Hai: Tusitoke kwenye mada. Derrick ina sehemu 281, 1974 mpaka 1998, na zote kaziandika mtu mmoja, Herbert Reinecker. Hata wewe ungechoka. Na 2013 ilipojulikana Horst Tappert, aliyemcheza Derrick, aliwahi kuwa kwenye Waffen-SS, kikosi cha kijeshi cha Wanazi, televisheni ya Ujerumani ZDF wakaacha kuirudia.

Chege wa Majengo: Kwa hiyo muuaji wangu ndio basi tena?

Unguja Kwetu: Antena za nini? Sie Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70. Nyie Bara mmesubiri mpaka 1994.

Mzee wa Koti: Tulijua tu utakuja.

Dada Leicester: Huku Uingereza Columbo wanairudia Jumapili mchana. Hiyo ya Komodoro ikifika mie naingia jikoni. Ila mbovu kuliko zote ni No Time to Die ya 1992, bibi harusi katekwa, kesi nzima hakuna mauaji ya kuchunguza. Columbo bila muuaji!

Mpwa wa Muuaji: Ushauri wangu, ya Komodoro itazame mara mbili, utaielewa.

Kamusi Hai: Usiitazame kabisa. Tazama Any Old Port in a Storm ya 1973, ile ya mvinyo.

Bint Shangani: Itazameni bila sauti, mkisimuliwa na mjomba wa Chege.

Tabibu wa Mtaa: Chege, huyo mama aliyetazamwa na Derrick alivaa nini? Kama ni koti la manyoya nadhani naijua hiyo.

Chege wa Majengo: Televisheni yetu haikuwa na rangi bwana, ila shingoni alikuwa na kitu kama paka. Sema upesi, mjomba yuko hapa kando yangu.