Gharama ya riteina: kwa nini mzazi aambiwe siku ya kufungua bresi?

Ndugu wanajamvi,

Mzazi anapompeleka mtoto kufungwa bresi, yaani waya za kunyoosha meno, hutajiwa bei ya waya, ya kukazwa kila mwezi na ya kuzifungua, naye huamini kwamba hesabu imekwisha. Bresi za binti yangu zilipofunguliwa, katika kliniki moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, ndipo nilipoambiwa kwamba riteina za juu na chini, yaani vifaa vya kuvaa ili meno yaliyonyooshwa yabaki mahali pake, ni shilingi 400,000 nyingine, na kwamba asipozivaa meno yatarudi yalikotoka.

Kwamba yatarudi ni kweli, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Nyuzi zinazoshika jino kwenye mfupa na fizi huvutika jino linaposogezwa, na baadhi yake huchukua takriban mwaka mzima kuzoea mahali papya, kwa hiyo riteina ni sehemu ya tiba yenyewe na daktari alilijua hilo kabla hajabandika bresi ya kwanza. Kwa nini basi halikuandikwa kwenye makadirio niliyotia saini?

Wala hailipwi mara moja tu. Riteina ya plastiki angavu ni bamba la takriban milimita 1, linalopashwa moto na kufyonzwa juu ya mfano wa meno. Hupasuka, huliwa na meno ya anayeyasaga usingizini, na ikioshwa kwa maji ya moto hupinda. Ile ya waya na akriliki kwa kawaida hudumu zaidi, lakini hatukuulizwa tunataka ipi. Nilipoomba nikabidhiwe mfano wa plasta, ili ikipasuka itengenezwe nyingine juu ya mfano uleule maadamu meno hayajasogea, nilijibiwa kwamba ni mali ya kliniki, ingawa kipimo nilikilipia mimi.

Bima yetu nayo inaita haya yote urembo. Mtoto ambaye meno yake ya chini yalikuwa yakichoma kaakaa kila anapotafuna hakwenda kutafuta urembo.

Ninataka Baraza la Madaktari Tanganyika liwalazimishe watoa huduma kuandika bei ya riteina, na ya kuibadilisha, kabla mgonjwa hajaanza kulipa. Mliopitia haya, tafadhali andikeni mlitozwa kiasi gani, kwa riteina ya aina gani, na kama mliambiwa mapema.