Naomba ushauri, kumtii Mungu kumenigharimu kazi

Bwana asifiwe wapendwa. Kila alfajiri kabla watoto hawajaamka nasoma Neno, sasa nipo Mwanzo 12, Ibrahimu anatoka Harani na miaka 75 bila kujua aendako afu Isaka anakuja kuzaliwa yeye ana miaka 100, yaani kasubiri miaka 25 jamani! Mi huu mwezi wa tatu tu tangu niache kazi sababu bosi alitaka niandike risiti za uongo, na nishachoka. Kodi ya nyumba imeisha, mume wangu anasema nirudi nikaombe msamaha, na bosi mwenyewe kapiga simu juzi. Naomba sana ila moyo hautulii. Mliopitia hili, mlijuaje kwamba kusubiri ni imani na sio ukaidi? Na baba watoto nimjibu nini bila kumvunjia heshima?