Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri wanataka uwe na biashara tayari, sasa mtaji wa kuanzia tutoe wapi?

Wakuu habari zenu. Nimetoka ofisi ya kata sasa hivi nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanisamehe mpangilio.

Tuko wanawake watano, tunatengeneza siagi ya karanga. Tunakaanga kwa mkaa tunatwanga kwa mikono, wateja wapo mpaka wa madukani wanaulizia, shida ni mashine tu. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kifungu cha 37A inasema halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, na HAKUNA RIBA. Tukasema hii ndo yetu. Tukaandika katiba, muhuri wa mtendaji, akaunti ya kikundi, andiko la mradi tukamlipa kijana wa steshenari elfu 30 atuchapie. Hapo ni mwanzoni mwa 2023, mwezi wa 4 serikali ikasimamisha mikopo nchi nzima, eti vikundi hewa na hela hazirudi. Sawa wezi wabanwe, ila adhabu tukaila sisi ambao hata shilingi yao hatujawahi kuishika! Ikarudi 2024, tukaanza upya, makaratasi yale yale, nenda rudi mpaka nauli tunachangishana.

Leo naambiwa "dada, kikundi chenu hakina mradi unaoonekana, anzeni kwanza ndo mje". Tuanze na nini?? Tungekuwa na mashine tungekuja kwenu kufanya nini?

Benki nako nilienda. Leseni, TIN, mzunguko wa akaunti wa miezi sita, halafu hati ya nyumba. Mimi nimepanga. Kiwanja tulichonacho na mume wangu kina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, yule afisa mikopo hata hakuifungua, alinirudishia hapo hapo.

Kinachobaki ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Mwenzetu mmoja alichoka kusubiri akachukua laki 3, marejesho elfu 12 kila siku kwa siku 35, piga hesabu mwenyewe, ni laki 4 na 20. Karanga ununue, ukaange, ufungashe, mwenye duka akulipe mwisho wa wiki, na elfu 12 inatakiwa KESHO asubuhi. Siku ya 19 wakabeba friji na godoro watoto wanaangalia. Saivi hata kikao haji, anaona aibu, na yeye ndo alikuwa mkaangaji wetu, hakuna anayepatia karanga zisiungue kama yule.

Kesho saa 3 narudi pale kata, nataka wanipe sababu ya kutukataa kwa maandishi na muhuri. Aliyewahi kupata huu mkopo na kikundi kipya kabisa, hamna mashine hamna ndugu ofisini, aseme ni halmashauri gani na aliambatanisha nini.