Uzi wa zamani wa zawadi: Zarra au Gento?

Mkwe_Mpole: Wakuu habari za jioni. Nataka kuagiza jezi moja ya kizamani, zile za miaka ya 50, ni zawadi. Nimebakiza mbili, zote za timu za Hispania: ya Bilbao enzi za mshambuliaji Telmo Zarra na nyeupe ya Real Madrid enzi za winga Gento. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? Naagiza Ijumaa.

Beki_Kisiki: Zawadi ya nani? Saizi gani? Bajeti? Mnakuja na nusu habari halafu mnataka ushauri mzima.

Tisa_Halisi: Zarra, hamna mjadala. Mabao 251 ya ligi kwenye mechi 270 na ushee, mfungaji bora mara 6, msimu wa 1950-51 katupia 38 ndani ya mechi 30. Hiyo 251 ilikaa hadi Novemba 2014 ndo Messi akaipita. Fainali ya kombe la Hispania 1950 dhidi ya Valladolid Bilbao wameshinda 4-1, yote manne kafunga yeye!! Timu ya taifa mechi 20 mabao 20.

Winga_Teleza: Ligi kachukua mara ngapi? Moja, 1943. Gento ana 12 na makombe 6 ya Ulaya. Hao kina Modrić wa Madrid wameyafikia hayo 6 ya Ulaya 2024 tu hapo.

Tisa_Halisi: Winga acha utani, kombe la Ulaya limeanza 1955, mwaka huohuo Zarra anaondoka Bilbao. Angelichukulia wapi?

Dada_Zuu: Huyo Zarra si ndo yule wa vichwa tu?

Tisa_Halisi: Walikuwa wanamwita kichwa bora Ulaya baada ya Churchill, ila bao lake kubwa kuliko yote ni la mguu. Kombe la Dunia 1950, uwanja wa Maracanã, krosi inatoka kulia, mwenzake Gainza anaurudisha kwa kichwa, Zarra anatokea anasukumia wavuni, Uingereza chali 1-0.

Mzee_Fundi: Mdogo wangu kabla hujatuma hela nisikilize. Mwaka juzi niliagiza moja kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, picha safi kabisa, kola nzito, anasema ni pamba tupu. Nikalipa yote, nikasubiri wiki tano, simu hapokei, siku mzigo unafika nafungua nakuta kitambaa kama cha pazia na mgongoni kimeprintiwa jina kubwaaa. Miaka ya 50 nani alikuwa anaandikwa jina mgongoni? Nikasema basi nivae hivyohivyo, wife akaifua mara moja tu, nyekundu yote ikahamia kwenye nyeupe na shuka za watoto juu, mpaka leo nyumbani naitwa Pinki. Lipa nusu kwanza.

Beki_Kisiki: 😂😂 Pinki. Pole mzee.

Mnoko_Historia: Na kama ya Bilbao ina maandishi angalieni jina la timu. Serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilikataza majina ya kigeni, 1941 klabu ikabadili jina, kwa hiyo Zarra anafunga yale mabao timu inaitwa Atlético de Bilbao, sio Athletic.

Winga_Teleza: Sasa hiyo inamsaidia nini mtu wa zawadi?

Mnoko_Historia: Inamsaidia asiaibike.

Mkwe_Mpole: Samahani wakuu nilikuwa kazini. Ni ya baba mkwe, XXL. Ukimtajia washambuliaji wa siku hizi anakukata hapohapo, anasema mpira ulishachezwa zamani. Halafu nilisahau kusema, yeye ni Barcelona damu.

Beki_Kisiki: HALAFU ULIKUWA UNATAKA KUMPELEKEA JEZI YA MADRID??

Dada_Zuu: Ndoa yenyewe ina muda gani?

Winga_Teleza: Kwa Barcelona mpe ya César Rodríguez, mabao 190 ya ligi akiwa pale, hadi Messi anakuja yeye ndo kinara.

Tisa_Halisi: César mzuri ila hamfikii Zarra.

Mzee_Fundi: Kubala wa Barcelona je? Mabao saba kwenye mechi moja dhidi ya Gijón, 1952.

Tisa_Halisi: Kubala kazaliwa Budapest mzee.

Mzee_Fundi: Kaichezea Hispania, kwani uongo?

Mnoko_Historia: Kaichezea Hungary na Czechoslovakia pia, tusianze.

Mkwe_Mpole: Jamani nimeuliza muuzaji, ya César hana. XXL imebaki ya Gento peke yake.

Dada_Zuu: Mnunulie kanzu.