Mama ana demensia: abaki nyumbani, aende nyumba ya wazee ya kawaida, au ile ya masista?

BintiWaMwisho
Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana mi na kaka yangu tumekwama. Mama ana demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa, dokta alisema ni ya aina ya Alzheimer, huu mwaka wa nne. Mchana yuko sawa ila jua likianza kuzama anabadilika kabisa, anahangaika na mlango, anataka kwenda kwa mama yake, usiku hakuna kulala. Kazi nimeacha, mgongo umekwisha kwa kumnyanyua. Tumebaki na njia tatu, abaki nyumbani tuongeze msaidizi wa usiku, au aende nyumba ya wazee ya kawaida, ni nzuri kwa kweli na nesi yupo saa 24, au aende ile ya masista, jengo la zamani na vyumba vidogo ila wana kikanisa humo ndani na wanasali asubuhi na jioni. Mama ni mtu wa rozari. Majina yetu yameanza kumpotea lakini ukimwanzishia Salamu Maria anaimalizia mwenyewe. Mliopitia hili mlifanyaje?

nesi_mstaafu
Pole sana mdogo wangu. Hilo la kumalizia sala usilichukulie dogo. Vitu mtu alivyovirudia tangu utotoni, sala, nyimbo, ugonjwa huchelewa kuvifikia, kwa hiyo mahali penye sala kila siku mama atakuta kitu anachokijua hata kama sura zote ni ngeni. Ila msalaba ukutani haumgeuzi mgonjwa kitandani. Waulize usiku wako wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na anayemuogesha leo ndiye huyohuyo wa kesho au kila wiki sura mpya? Halafu mzee akichachamaa wanafanyaje? Wakikujibu haraka "tunampa dawa ya kumtuliza", shtuka. Zile dawa za magonjwa ya akili kwa mzee mwenye demensia zinaongeza hatari ya kifo, Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, iliagiza onyo kali liwekwe tangu 2005. Zipo hali zinazihitaji kweli, lakini ziwe za mwisho, kwa muda mfupi na dokta afuatilie.

Mtoto_wa_Mzee
Sisi tulimng'ang'ania baba nyumbani maana ndugu walikuwa wanasema kumpeleka ni kumtupa, sasa hao waliosema hakuna aliyekuja kulala naye hata usiku mmoja. Siku moja alifungua geti saa 8 usiku tukampata alfajiri amekaa barabarani miguu inatoka damu. Nyumbani ni pazuri kama mko watu wa kupokezana, mkiwa wawili tu mtaanguka nyie kabla yake.

Tausi77
Mi naomba nipingane kidogo na habari ya dini. Shangazi tulimpeleka sehemu ya kidini, watu wa maombi kwelikweli. Ndani ya siku mbili akabadilika ghafla, anaona watu ukutani, anapiga kelele, wao wakasema ni pepo wakaanza kukemea. Tulipomkimbiza hospitali kumbe maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibaiotiki akarudi alivyokuwa. Mzee akivurugika ghafla hivyo ni hospitali kwanza, mtaomba mkiwa njiani. Baadaye tukampeleka nyumba ya kawaida, hawana dini yoyote ila wazee wako wanane tu upande wao na kuna bustani yenye uzio anatembea anavyotaka. Wazo kama la kile kijiji cha De Hogeweyk kule Uholanzi kilichofunguliwa 2009, wenye demensia wanaishi wachache wachache kwenye nyumba zao, wana duka, wanazunguka bila kufungiwa chumbani. Shangazi alitulia.

ummu_sakina
Pole dada Tausi, hao hawakuwa wanajua ugonjwa wenyewe. Sisi ni Waislamu na marehemu baba alitunzwa na masista, karibu hapakuwa na pengine. Nilienda na wasiwasi wangu wote. Wiki ya kwanza tu sista mmoja akaniuliza saa za sala akaziandika kwenye karatasi juu ya kitanda, wakawa wanamletea beseni la maji atawadhe, na hata alipokuwa hajui tena rakaa ya ngapi walikuwa wanamwacha asali mpaka amalize, hakuna aliyemharakisha. Kwa hiyo we ukienda mwangalie mzee ambaye si wa dini yao anaishije pale.

BintiWaMwisho
Asanteni jamani, nimesoma huku nalia. Leo nimeenda zote mbili bila taarifa, saa 12 jioni, muda ule anaoanza mama. Ile ya kawaida safi, nesi yupo, ila mhudumu mmoja na wazee wengi na TV juu, bibi mmoja ameita sana hakuna aliyekuja. Kwa masista kuna bibi alikuwa anataka kwenda kwao, sista hakumwambia "kwenu ni hapa", alimuuliza kwenu kuna nani, wakatembea korido nzima wakiongea habari za huyo mama yake mpaka bibi akakaa mwenyewe. Shida yao usiku hakuna nesi.

nesi_mstaafu
Hiyo shida ni kubwa usiipite. Uliza usiku wanampigia nani, gari lipo, hospitali iko umbali gani, na waandike. Halafu omba akae wiki mbili za majaribio.

BintiWaMwisho
Dokta wao anapigiwa muda wowote na gari nimeliona. Wamekubali wiki mbili, anaenda Jumatatu, na rozari yake ileile iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza nikae naye au niondoke mapema?

ummu_sakina
Kaa naye mpaka jioni. Usimuage mlangoni, ondoka wakati ameshaanza kusali na wenzake.